Shajara ya mradi: nguo ya lipiko

Aprili 20

Kazi tuliyokubaliana na wazee ni mapiko mawili kamili (lipiko ni mchezaji wa kinyago wa Kimakonde) kwa kikundi cha ngoma cha vijana wa mtaa wetu hapa Mtwara mjini, yachezwe siku wali, yaani vijana wanaotahiriwa, watakapotoka jandoni baada ya likizo ya Juni. Wakisema kamili wanataka kinyago, nguo, njuga na vya miguuni. Mzee mchongaji anachonga, mimi nashona, vijana wanacheza. Fedha ni michango ya wazazi wa wali pamoja na akiba ndogo ya kikundi, kwa hiyo hakuna mfadhili anayesubiri ripoti. Naandika kwa ajili ya mafundi cherehani wenzangu. Habari za vinyago vya Kimakonde zimeandikwa hadi zimefurika, lakini karibu zote zinahusu mti. Nguo, ambayo ndiyo inayomfunika mchezaji kuanzia shingoni hadi kwenye kucha, hupewa sentensi moja mwishoni, ikikumbukwa.

Sharti la wazee ni kwamba mimi ni mwanamke, basi lipiko silioni likivishwa. Nitashona kwa vipimo atakavyoniletea mtoto wa kaka yangu, ambaye ni mpiga ngoma wa kikundi, na kila nguo ikikamilika itaondoka kwangu ndani ya gunia. Nimekubali. Mama yangu asingepewa hata hiyo kazi ya kushona.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: lipiko huchukuliwa kuwa mzimu, mtu aliyekufa ambaye wanaume wamemwamsha. Wanawake na watoto wanalichokoza, linawakimbiza, wanatawanyika wakipiga kelele, kisha wanarudi kulichokoza tena. Nilimuuliza mzee mmoja kama anaamini kweli kwamba wanawake wa leo hawajui kuna mtu ndani. Alicheka sana. "Tunajua kuwa mnajua," akaniambia. "Ila msiseme."

Kwangu mimi fundi maana ya yote hayo ni moja tu: ngozi isionekane. Kidole gumba cha mguu kikichungulia, mzimu mzima unageuka kuwa kijana fulani anayeuza vocha stendi.

Aprili 27

Mti umepatikana, mfune, na Mzee ameshaukata magogo mawili. Wanaonunua vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, wamezoea mpingo, mweusi, mgumu, mzito hata ukiutupa majini unazama. Hakuna shingo itakayobeba mpingo na kuucheza. Mfune ni mwepesi na mweupeupe, tezo inaingia bila kubishana. Ubaya wake ni wadudu. Mfune ukiwekwa ovyo unaliwa haraka, na Mzee anasema ndiyo maana hana hata kinyago kimoja cha baba yake.

Wazazi wake walivuka Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, yeye akiwa mgongoni. Ndiyo maana anachonga lipiko la kofia, yaani kichwa kizima kinachochimbwa ndani kikavaliwa kwa kuegemezwa nyuma kidogo, mchezaji akaona kupitia tundu la mdomo. Wamakonde wa upande wetu, wa Newala na vijiji vyake, wana midimu: kinyago cha uso peke yake, na kingine cha kiwiliwili chenye matiti na tumbo la mjamzito, kinachofungwa kifuani. Wengine wanapanda ngongoti, miti mirefu ya kutembelea. Nguo za ngongoti sizigusi katika mradi huu, suruali yake moja ingejaza chumba changu chote.

Nimemwomba Mzee vipimo vya ukingo wa chini wa kinyago hata kabla hajaanza kuchimba. Akashangaa. Anasema hajawahi kuulizwa na mshonaji, kwani siku zote nguo ilitafutwa baadaye, chochote kilichopo. Nikamweleza shida yangu. Mchezaji akiona kupitia mdomoni, uso wa lipiko unakaa juu ya uso wake mwenyewe. Kichwa kinapanda, mabega yanabaki palepale. Ukimvalisha shati la kawaida unapata kiumbe chenye shingo ya twiga. Lazima mabega ya nguo yapandishwe yakutane na kidevu cha mti, na hilo siwezi kulifanya bila kujua kidevu kitakuwa wapi.

Mei 4

Kikao cha kuchagua mapiko yawe nani. La kwanza halikuwa na ubishi: bibi mwenye ndonya, kile kipande cha mti kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu uliotobolewa, mashavu yamejaa chale. Kila mwenye asili ya huku ana bibi wa namna hiyo kwenye ukoo.

La pili limechukua mchana mzima. Vijana wanataka dereva wa bodaboda. Baadhi ya wazazi wakasema huo ni utani wa barabarani, jando si mahali pake. Aliyemaliza ubishi ni Mzee. Akasema zamani kule Mueda, Msumbiji, walichonga Mreno mwenye masharubu na kofia yake ya kiserikali, wakachonga askari, wakamchezesha lipiko hilo mbele ya watu waliokuwa wakitozwa kodi na hao hao. Lipiko ni mtu ambaye mnamwona kila siku na mnataka kumcheka au kumwogopa. Sasa hapa Mtwara, nani mnamcheka na kumwogopa kwa pamoja kuliko bodaboda?

Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha. Dereva wa bodaboda hutembea amejifunika tayari: kofia ngumu, jaketi zito lililovaliwa mbele nyuma ili upepo usimpige kifuani, glavu, na kizibao cha rifleksa juu yake. Bibi ndiye atakayenitoa jasho.

Mei 11

Leo hakuna kilichoshonwa. Wazee walitaka kujua kwanza, baada ya ngoma vinyago vitalala wapi, na kwa nini ninataka vipimwe na kupigwa picha.

Hofu yao ina sababu. Wanunuzi wanapita vijijini, na kinyago kilichochezwa kina bei kuliko kipya. Niliwaeleza habari ya Makumbusho ya Taifa, ambayo wengi hawakuwa wameisikia. Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam wakachukua vitu kadhaa, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kikanunuliwa Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva. Profesa wa Kiitaliano, Enrico Castelli, ndiye aliyewajulisha mwaka 1990 kwamba walichonacho ni mali ya wizi. Majadiliano yakavutwa miaka ishirini, kinyago kikakabidhiwa kwa Tanzania Mei 2010.

"Na nguo yake je?" akauliza bibi mmoja aliyekaa mlangoni, ambaye kimsingi hakualikwa kikaoni.

Hakuna aliyemjibu. Lakini swali hilo ndilo nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo. Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini hii mwaka 1906, akafika mpaka Newala, akanasa nyimbo kwenye mitungi ya nta na ngoma kwenye filamu, na mizigo yake ikaenda Leipzig. Vinyago vyetu vingi vilivyoko Ulaya vimesimamishwa juu ya kijiti cha chuma ndani ya kabati la kioo, mti mtupu. Mtazamaji anapewa kichwa anaambiwa hiyo ndiyo ngoma.

Tumemaliza hivi: vipimo vitaandikwa, picha zitapigwa na kijana wa kiume, zitafungwa kwenye bahasha itakayowekwa kwa kiongozi wa jando. Kikipotea, bahasha inafunguliwa. Mimi nitabaki na vipimo vya nguo na mabaki ya kila kitambaa.

Mei 19

Vitambaa. Leo nina mengi.

Kiongozi wa kikundi alikuja na wazo la sketi za katani. Nimezikataa, na nataka sababu iandikwe. Sketi ya katani, kifua wazi na madoa meupe usoni ni sare ya ngoma za hotelini na za kulaki wageni wa heshima. Chanzo chake nakiona kwenye jukwaa. Mwaka 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, baadaye kikawepo kikundi cha ngoma cha taifa, na sindimba yetu ikapandishwa jukwaani pamoja na ngoma za makabila mengine. Jukwaa linataka watu wanaofanana, wageuke kwa pamoja, wamalize kwa dakika chache. Sina ugomvi na waliofanya kazi ile, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichofuata mwaka 1981 kimelea wachezaji wazuri kuliko tulionao. Ila sketi ya katani juu ya lipiko haina kazi. Inaacha magoti wazi, na magoti ni mali ya mtu fulani.

Mzee anakumbuka nguo za mapiko za utotoni mwake: vitambaa vilivyofungwa kwa mikanda mwili mzima, vipande juu ya vipande, na njuga kila mahali zinapoweza kushikika. Hakuna aliyejali nguo ilitoka wapi. Ilipokuwepo kaniki ilivaliwa kaniki, gunia la mkonge likipatikana lilivaliwa gunia. Nimechukua kanuni hiyo, nikaacha kuhangaika na neno "asili" ambalo kiongozi wetu analipenda. Nguo ifunike, ipumue, itikisike.

Kupumua ndiyo kazi ngumu. Vijana walileta kitambaa cha kung'aa cha dukani, cha polista, bei poa na rangi nzuri. Nilimfunga mpwa wangu mkono mzima kwa kitambaa hicho nikamwambia atwange mahindi. Hakumaliza kinu. Ndani ya mti, kichwa chini ya kata ya kubebea uzito, mwili umefunikwa, jua la Mtwara la saa tisa: mchezaji ataanguka. Nimeamua pamba tupu inayogusa ngozi, amerikani nyepesi iliyofuliwa mara kadhaa ilegee, na mapambo yote ya juu yashikizwe kwenye hiyo. Bitana hakuna popote isipokuwa mabegani.

Kutikisika: lipiko halirukiruki ovyo. Linakuja kwa hatua ndogo za haraka, linatetemesha miguu na kiuno, linasimama ghafla ngoma inaponyamaza, linageuza kichwa kama limesikia jina lake. Nguo ya kubana inaficha mtetemo huo. Nguo pana sana nayo inabaki nyuma, mwili umeshasimama kitambaa bado kinatembea, na kule kusimama kunaharibika. Nimejaribu vipande vya kaniki vilivyochanwa upana wa vidole viwili, vikashonwa upande wa juu tu, safu juu ya safu kama vigae. Mpwa wangu alivivaa kiunoni akacheza uani kwangu (bila kinyago, kwa hiyo sheria haikuvunjwa). Vinafuata mtetemo na vinalala vyenyewe. Ncha ya kila kipande nimeipiga pindo na kutia shanga moja ndani, uzito kidogo tu.

Mei 20

Nyongeza ya jana. Kaniki ya siku hizi inachuja rangi vibaya. Nimeilowesha kwa maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi maji yalikuwa wino. Ilowekeni kabla ya kuichana, la sivyo jasho litampaka mchezaji rangi, na wiki nzima mtaa utamjua kwa shingo yake.

Mei 29

Nimekwenda kwa yule bibi wa mlangoni. Yeye mwenyewe hakutobolewa mdomo, lakini mama yake alikuwa na ndonya mpaka alipozikwa. Nilichotaka ni jambo ambalo hakuna mwanaume kikaoni angeweza kunieleza: mwanamke wa namna ile alivaaje.

"Shikamoo Bibi. Nina kazi ya wanaume, nimekwama."

"Marahaba mjukuu. Kazi ya wanaume haikwami, wanakwama wao. Kaa."

Akaninyoosha moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimekata kanga mbili za rangi, moja kiunoni, nyingine kichwani. Bibi akazisukuma pembeni. Mama yake alifunga kaniki kubwa juu ya matiti, ikashuka chini ya magoti, ya pili akaitupia bega moja, na kichwa hakikufunikwa, kwa kuwa nywele zenyewe zilinyolewa kwa mchoro na mchoro ulitakiwa kuonekana. Shanga zilikaa kiunoni, ndani, hazikuwa za kuonyesha watu. Akasimama akanionyesha namna ya kutembea na kaniki ile, mkono mmoja ukishika fundo kila baada ya hatua kadhaa. Nimeuandika mkono huo kama kipimo. Mchezaji afundishwe, na fundo la kaniki liwe kubwa vya kutosha kushikwa na mkono wa nguo usiokuwa na vidole.

Hapo ndipo linapochekesha sharti la wazee. Wanaume wana siri ya kinyago, lakini nguo za bibi wanaomcheza ziko kichwani mwa wanawake. Kule Msumbiji, baada ya uhuru wa 1975, vimetokea vikundi vya wanawake wanaovaa vinyago wao wenyewe, na dunia haijaisha. Nilimtajia Bibi habari hiyo. Akasema yeye joto lile halitaki, wanaume waendelee nalo.

Juni 3

Mikono na miguu ya bibi. Mkono wa nguo nimeufunga mwishoni kama kifuko, ndani mna nafasi ya kushika usinga upande wa kulia. Wa kushoto ndio wa fundo. Miguuni soksi ndefu nyeusi, chini nimeshona vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kiatu cha kisigino kigumu kingeua hatua zile ndogo, na soksi tupu zinateleza kwenye mchanga mkavu. Dereva amepewa ndala zilizoshonewa kwenye soksi zake zisije zikaruka zikampiga mtoto.

Juni 8

Njuga. Fundi bati wa sokoni amezitengeneza kwa chuma chembamba, punje ya chuma ndani. Zina sauti kavu, si tamu kama za shaba, lakini zinasikika juu ya vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, ambazo mlio wake ni mkali.

Kosa linaloonekana kwenye nguo nyingi za ngoma ni njuga kushonwa moja kwa moja kwenye suruali. Kitambaa kinazimeza. Nimezifunga kwenye mkanda wa mpira mgumu uliokatwa kwenye tairi, mkanda ukafungwa chini ya goti juu ya nguo, na vipande vya kaniki vinaishia vidole vinne juu yake. Mguu mmoja njuga nyingi kidogo kuliko mwingine. Hilo alilidai mpwa wangu, na ana haki: mpiga ngoma anahitaji kujua kwa sikio ni mguu upi umetua, kwani lipiko linapomwendea kwa kasi yeye ndiye anayelisimamisha.

Juni 14

Nywele. Kinyago cha bibi kinataka nywele za mtu, zigandishwe kwa nta ya nyuki na kunyolewa mchoro. Chale nazo ni vijinyuzi vya nta iliyotiwa masizi, vinavyokandamizwa juu ya mti wa shavu. Nta imetoka kwa wafuga nyuki, hiyo haikuwa shida. Nywele ndizo. Mpwa wangu alikwenda kwa kinyozi kuomba za kufagia, akaangaliwa kama mchawi. Nani atakuachia nywele zake bila kujua zinakwenda kufanya nini? Kinyozi alizifagia mbele yake, akazimwagia maji na kuzitupa shimoni.

Mwishowe wachezaji wamenyoana wenyewe, kikundi kizima, nywele zikawekwa bakuli moja. Kazi ya kubandika ilifanyika kwa Mzee na sikuwepo. Nilichopokea ni taarifa kwamba nta ikipata jua la mchana inalegea na chale za shavu la kushoto zimeteleza. Zimerudishwa. Kinyago kisikae juani kabla ya ngoma, basi, na nimeshona mfuko wa amerikani nene wa kukibebea, wenye kamba ya kuvuta mdomoni. Mfuko huo haukuwa kwenye bajeti.

Juni 19

Vinyago vimekauka kivulini, vya kwangu sasa ni vipimo. Ukingo wa lipiko la bibi umetobolewa matundu madogo kuzunguka shingo yote, ili nguo ishonewe kwenye mti. Ukubwa wa ndani umeachwa upana zaidi ya kichwa cha mchezaji kwa makusudi, maana ndani inakaa kata, ileile ya kubebea ndoo ya maji kichwani, niliyoisokota kwa kanga chakavu. Kata inabeba uzito utosini na kuacha mashavu huru, mchezaji apate hewa.

Shingo nimeikata kipande kimoja, marinda yamebanwa juu yakafunguka mabegani. Marinda yanaficha mahali mti unapokwisha. Mabegani nimejaza sufi kidogo, nimezipandisha sentimita saba. Kidevu cha mti na bega la nguo sasa vinakaribiana kwenye karatasi. Kwenye mwili sijui, sitaruhusiwa kujua mpaka siku yenyewe.

Kwa dereva Mzee amechonga kofia ngumu kwenye mti uleule, kioo cha kofia kimeinuliwa juu, meno mawili ya mbele yameachana. Kola ya jaketi inafika mpaka masikioni. Zipu iko mgongoni, kama wanavyovaa barabarani, na hiyo imeniokoa: anayemvisha anasimama nyuma, anafunga, wala mchezaji hagusi kitu.

Juni 27

Jaribio lilifanyika porini, mbali na macho. Mpwa wangu kaniletea ripoti, naiandika alivyosema. "Shangazi, dereva yuko sawa kabisa. Bibi anaziba." Anaziba nini? Marinda ya shingo yanapanda mchezaji anapoinama, yanafunika tundu la mdomo, haoni mbele. Na lipiko linainama muda mwingi, kwa sababu likinyooka wima uso wa mti unatazama mawingu.

Nilikuwa na njia mbili: kukaza marinda kwa mbele, au kushona mkanda wa siri kutoka kwenye rinda la mbele kwenda kiunoni uyavute chini. Kukaza kungeonyesha umbo la kidevu cha mchezaji. Nimeshona mkanda. Una lastiki, mwisho wake ni kulabu inayoingia kwenye kamba ya kaniki ya ndani. Nikamwinamisha mpwa wangu mara nyingi akiwa amejifunga ndoo ya plastiki kichwani badala ya kinyago, mpaka mama yake akaja kuuliza tunafanya nini. Inafanya kazi. Akinyooka lastiki inalegea, marinda yanarudi.

Pia wanaomba bibi apunguziwe sufi ya kiunoni. Nimekataa. Wanamtaka bibi mwenye kiuno cha binti.

Julai 5

Wali wametoka leo. Watu wengi, vumbi, pilau, vumbi kwenye pilau.

Dereva ndiye aliyeingia kwanza. Alikuja kwa mbio, akasimama mbele ya akina mama akatoa mkono wa glavu kudai nauli. Walimrushia maganda ya machungwa. Alipowageuzia mgongo rifleksa ikawaka jua, zipu ya jaketi ikaonekana vizuri ilivyo mgongoni, watu wakacheka kabla hajafanya lolote, na madereva wenyewe waliokuwa wameegesha chini ya mwembe wakapiga honi. Sikuona ngozi mahali popote. Niliitafuta.

Bibi akaja polepole, na hapo nikasahau kukimbia na wenzangu. Mkono wa kushoto ulishika fundo. Hatua mbili tatu, unashika tena. Wanawake wazima karibu yangu walipiga vigelegele vya aina nyingine kabisa, si vya kuogopa. Mti niliuona kwa mara ya kwanza, na ni kazi nzuri, macho yamefumbwa nusu, ndonya imetokeza mbele. Lakini mtetemo ulipoanza, vipande vya kaniki vikaanza kutiririka kutoka kiunoni mpaka njugani, vinganga vikakata, na kila kitu kikasimama papo hapo. Kitambaa nacho kilisimama. Hapo kelele za uwanja zilizidi zile za mwanzo.

Kasoro niliyoiona ni bega la kushoto. Sufi ilihama kuelekea mgongoni nusu ya ngoma, bibi akawa na kibyongo kidogo. Watazamaji walidhani ni makusudi. Itatulizwa kwa mishono ya msalaba.

Yule bibi wa mlangoni alinifuata baadaye akanishika mkono. Anasema kaniki ya begani imetupwa bega lisilo lake, mama yake alitupa la kulia.

Julai 8

Gunia limerudi. Nguo zimefuliwa kwa maji baridi, kaniki haichuji tena, njuga zimefutwa mafuta ya nazi kuzuia kutu. Mikanda ya tairi imelegea, itakatwa mipya. Kata ya bibi imelowa jasho hadi ndani, nimeitupa nitasokota nyingine, kwani kata si ya kuhifadhi. Vinyago viko kwa kiongozi wa jando ndani ya mifuko yake, majani ya mwarobaini yamewekwa ndani kwa ajili ya wadudu, na bahasha iko palepale.

Malipo ya Mzee yamekamilika. Yangu yamebaki nusu, yatakuja na korosho.

Jando la Desemba limeshaomba la tatu. Vijana wanataka mwalimu wa hesabu, wazee wanataka muuguzi. Akichaguliwa muuguzi nitahitaji nyeupe isiyoonyesha mwili kwenye jua, na amerikani niliyonayo inaonyesha. Nimeacha oda ya kitambaa kizito cha drili dukani, nimebadilisha kaniki ya bibi kwenda bega la kulia, na nimemtumia Mzee vipimo vya shingo kabla hajagusa mti.